Mwanamke wa Godoro

Kwa miaka ishirini na miwili, mwali wa Chang'ombe au Tandika aliyeolewa bila kusikia habari za Mwanamke wa Godoro alikuwa mwali ambaye kwao hawakuweza kumwita Mwajabu binti Mfaume. Wenye uwezo walimwita yeye, na yeye alikwenda na kisa chake.

Bi Mwajabu ni kungwi, tena kungwi hasa. Hakujifunzia kwenye simu kama hawa wa siku hizi, wanaovaa gauni la kumetameta, wakashika kipaza sauti na kujiita walimu wa ndoa. Kazi aliirithi kwa shangazi yake, na shangazi aliirithi kwa bibi. Asubuhi huuza udi, liwa na singo ya kusugulia maharusi kwenye kibaraza cha nyumba yake, nyuma ya karakana za magari. Umri wake hamsini na minane. Mumewe alifariki zamani, nyumba ni yake, ufunguo ni wake, na hakuna anayemwuliza alikuwa wapi wala atarudi saa ngapi. Kisha hujifunga khanga, akatoka kwenda kuwafundisha watoto wa watu wasivuke kizingiti bila ruhusa. Mganga hajigangi, ndivyo tulivyozoea kusema, na kwa neno hilo tumewasamehe waganga wengi ambao hatukupaswa kuwasamehe.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Alikuwapo mwanamke wa Mtoni aliyeolewa na dereva. Mume hakumnyima kitu, lakini yeye akatamani kuwa na chake, akafungua genge la mitumba sokoni Tandika. Pesa ikampa mdomo. Mume akisema moja, yeye mbili. Somo wake akamwonya mara tatu, akamwonya kwa machozi, asisikie. Siku moja akajitwika godoro kichwani, mchana kweupe, mtaa mzima unatazama, akaondoka zake. Mwisho wake akawa mtu wa kuzunguka kwenye shughuli za wenzake akila makombo, na mwanawe wa kumzaa anampita njiani, ameshika mkono wa mwanamke mwingine anayemwita mama.

Hapo wanawake hulia mpaka wanja ukawashuka. Lakini kisa hakikuzaliwa kinene hivyo. Mwaka wa kwanza mwanamke yule alifilisika tu, na wasikilizaji wakasema "masikini" wakaendelea na visheti vyao. Mwaka wa pili Mwajabu akamwongezea maradhi, wakaguna kidogo. Mwaka wa tatu akamzulia mtoto. Siku hiyo alitunzwa mpaka khanga ya kiunoni ikajaa, akajua kwamba amepata. Watu hawataki kusikia kwamba mwanamke aliondoka kwa mumewe akaishi. Wanataka alipe, na wakishaona amelipa hurudi majumbani kwao wameridhika, hata wale wanaolala na midomo iliyovimba.

Sasa mwali wa safari hii aliitwa Nusaiba. Alikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa majokofu na viyoyozi, mwenye cheti cha chuo cha ufundi na begi la vifaa analolibeba mgongoni. Wateja wake wengi walikuwa Mikocheni, kwenye maduka ya nyama na samaki. Mchumba wake, Twaha, ana duka la vifaa vya ujenzi na sura nzuri, na mwenye kumwona mara moja angesema binti kaokota dodo. Ndoa ilikuwa Ijumaa. Kumfunda kulianza Jumatatu, na Jumatano alasiri ndiyo ingekuwa shughuli ya wanawake wote.

Jumanne mama yake Twaha alikuja mwenyewe nyumbani kwa kina Nusaiba. Akakuta Mwajabu anatwanga singo.

"Mie sina neno na binti, mwenzangu," alisema, akikaa. "Ila ile mikono. Ukimpa mkono utadhani unasalimiana na kuli. Na mwanangu kamwambia kazi aache, yeye anamjibu, tutaongea. Mke gani anamwambia mume tutaongea?"

"Atafundika," Mwajabu alisema.

"Kile kisa chako kesho kikoleze. Mie mwenyewe nilikisikia kwa binti wa dada yangu, sikulala."

Mama yake Nusaiba alikuwa amesimama mlangoni na sinia la maji. Hakubisha. Mgeni alipokwenda zake alisogea karibu na kusema kwa sauti ya chini, "Somo, mfunde akubali. Ana wadogo zake wanne nyuma, wote wanangoja yeye apishe. Huyu akiharibu, nani atapiga hodi hapa?"

Basi Mwajabu akaingia ndani kumsugua mwali. Chumba kilikuwa kimefungwa dirisha, kimejaa moshi wa udi, na Nusaiba ameketi juu ya kigoda, amejifunga upande mmoja wa khanga. Alianzia mgongoni, akaja mabegani, akashuka kwenye mkono wa kushoto. Juu kidogo ya kiwiko, upande wa ndani, aliona alama nne zimejipanga, nyeusi zinazoelekea kuwa kijani. Akaugeuza mkono. Ya tano ilikuwa nyuma yake.

"Umefanyaje hapa?"

"Nilijigonga kwenye kompresa, Somo."

Mwajabu amesugua miili ya wasichana zaidi ya mia tatu. Kompresa haina vidole, hilo halihitaji cheti cha ufundi. Aliendelea kusugua, polepole, akiipita sehemu ile.

"Alikushikia nini?"

Nusaiba aliutazama mkono wake. "Nilimjibu mbele ya rafiki zake. Alisema pesa ya gari tutachanga, mie nikasema yangu nina mpango nayo. Tulipofika nje ndo akanishika." Akaufunika mkono kwa khanga. "Ila aliomba msamaha, Somo. Alilia kabisa."

"Mama yako anajua?"

"Mama kasema hayo nikuletee wewe. Kasema ndo kazi ya somo."

Na kweli, ndiyo desturi. Mke akipata tabu hampelekei mama, kwa sababu mama atalia na kuharibu. Humpelekea somo wake, aliyemfunda, na somo ndiye huamua kama neno litoke nje au lizikwe. Mwajabu alizika mengi. Lakini lile la kwanza alilolizika halikuwa limeoza, na sasa lilikuwa limekaa mbele yake juu ya kigoda, na mkono wenye alama tano.

Mwali wake wa kwanza aliitwa Rukaiya. Alikuwa na miaka kumi na tisa, Mwajabu mwenyewe thelathini na sita, kungwi mpya anayetafuta jina. Alimfunda, akamtoa, akashangiliwa. Mwaka haukuisha, Rukaiya akaja asubuhi moja na mkono amefungwa kwa khanga, mfupa umevunjika juu ya kiwiko. Mumewe, dereva, alikuwa amemkataza kwenda sokoni, naye akaenda. Mwajabu alimpa uji. Alimpeleka kwa mganga wa kuunga mifupa. Kisha, na hili ndilo asilopenda kulikumbuka, alimshika mkono ule mzima akamrudisha kwa mumewe kwa miguu yake mwenyewe, akamwingiza ndani, akamwambia funga mdomo, ndoa ni kuvumilia. Kungwi ambaye mwali wake wa kwanza amekimbia ndoa, nani atamwita tena? Hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga njiani.

Rukaiya alikaa siku arobaini, akaondoka. Safari hiyo hakupitia kwa somo. Maneno yakaanza mitaani kwamba mwali wa Mwajabu hakufundika, na Mwajabu, ili kujisafisha, akaanza kusimulia. Alimwita mwanamke wa Mtoni, akampa kiburi, akampa godoro la kujitwika. Somo wa kwenye kisa akawa mwema, mwenye machozi na maonyo matatu. Ndivyo kisa kilivyopatikana. Kilikuwa kitambaa cha kujifutia mikono, na wanawake wa Temeke wakakipokea wakakifanya bendera.

Usiku ule alijiambia kwamba Twaha si dereva yule. Alama tano si mfupa. Wanaume wengi hushika, na wengi huacha. Akalala na hoja hizo, na asubuhi akaamka nazo, wala hazikuwa zimemtuliza.

Jumatano alasiri uwanja wa kina Nusaiba ulikuwa umefunikwa turubai, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, wanaume wote wamefukuzwa. Upande mmoja walikaa watu wa bwana harusi na sare zao za zambarau, mama yake Twaha mbele kabisa. Mwali aliletwa amefunikwa khanga gubigubi, akaketishwa katikati. Siku hiyo mwali hasemi, hainui macho, hatingishiki. Mwajabu alikuwa anajifunga kiuno ili aanze pale alipoingia mgeni aliyechelewa.

Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, amevaa baibui safi na viatu vya bei. Wasichana wa jikoni walimpokea kwa heshima; Nusaiba alikuwa amewaambia mapema kwamba mteja wake mkubwa atakuja, mwenye maduka ya samaki wa barafu, anayekaa kwake Madale, anayempenda kama mwanawe. Mgeni alikuja moja kwa moja kwa kungwi. Alimpa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umekunjika kwenye kiwiko, haunyooki.

"Shikamoo, Somo."

Mwajabu aliupokea mkono ule. "Marahaba," alisema, na sauti yake aliisikia kama ya mtu wa chumba cha pili.

"Nusaiba aliponitajia jina lako nikamwomba kadi," Rukaiya alisema, taratibu, bila ya kupandisha sauti. "Nimesikia una kisa kizuri. Nimesikia kwa watu wengi. Nimekuja nikisikie kwa masikio yangu."

Akaenda kuketi kwenye mkeka, hatua nne kutoka kwa mwali, akajitengeneza baibui lake. Mwenye kovu usidhani kapoa. Hakuonyesha ukali wala hakucheka. Alikaa tu kama mtu aliyefika mapema kwenye miadi na hana haraka.

Mwajabu alivuta muda. Aliimbisha nyimbo mbili ambazo hazikuwa kwenye mpango. Alimfundisha mwali kukunja shuka, akamfundisha tena. Jasho lilimtoka chini ya kilemba. Alifikiria kusema kifua kinambana. Alifikiria kusimulia kisa kingine, cha sungura hata, lakini mama yake Twaha alikwishapoteza subira.

"Somo, Godoro," alisema kwa sauti.

"Godoro," wakaitikia wenzake wa zambarau, na mara uwanja mzima ukawa unapiga makofi ukilitaka.

Akasimama katikati. "Niseme nisiseme?"

"Sema."

"Nikisema nitamkera mtu?"

"Akereke."

Akaanza. Mdomo uliijua njia, ulikwenda wenyewe. Alikuwapo mwanamke wa Mtoni, akaolewa na dereva. Mume hakumnyima kitu. Wanawake waliguna pale pa kuguna, wakacheka pale pa kucheka. Akafika kwenye genge la mitumba, akaigiza mwanamke anavyohesabu noti huku amebinua midomo, nao wakapiga vigelegele. Kote huko hakutazama upande wa Rukaiya. Alitazama miguu ya mwali, iliyopakwa hina, na vidole vyake vilivyokunjwa kwa nguvu kwenye mkeka.

"Basi siku moja mwanamke akaenda kwa somo wake," alisema, na hapo akainua macho.

Rukaiya alikuwa anamsikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama mteja anayepimiwa samaki.

"Ikawaje?" wanawake wakauliza, maana ndipo mahali pao pa kuuliza.

Mwajabu alikaza fundo la khanga kiunoni. Neno lililofuata lilikuwa "akamwonya". Amelisema mara mamia. Aliona wazi kwamba akilisema leo, Ijumaa mtoto huyu ataingia ile nyumba, na siku moja, mwezi huu au mwakani, atapiga hodi kwenye kibaraza cha nyuma ya karakana na kitu kimefungwa kwenye khanga. Na yeye atampa uji. Aliogopa. Aliogopa kwa ajili ya jina lake, mkate wake na uzee wake, tena hakuwa na aibu ya kuogopa, kwa maana mwanamke asiye na mtoto wala mume huishi kwa jina.

"Ikawaje, Somo?" mama yake Twaha alirudia.

"Akaenda na mkono umevunjika," Mwajabu alisema.

Kelele zilipungua. Wengine walidhani ndiko kukoleza kwenyewe, wakasogea karibu.

"Mkono umefungwa kwa khanga. Mume kauvunja kwa sababu mke kaenda sokoni. Somo hakumwonya, wala hakutoa machozi. Somo alimpa uji, akamshika mkono huu mwingine, akamrudisha. Alimwambia, funga mdomo. Kwa sababu alikuwa mwali wake wa kwanza, na somo alitaka kuitwa kwenye harusi nyingine."

"Hicho sicho," alisema mtu upande wa zambarau.

"Hicho ndicho. Kile kingine nilikitunga mie." Akaendelea. "Godoro hakuchukua. Alitoka na ndala. Makombo hajala kwa mtu. Na yule mtoto mnayemlilia kila mwaka, anayemwita mwanamke mwingine mama, hakumwita mtu yeyote. Alikuwa tumboni, miezi minne. Mume alimpiga mara ya pili, siku ya arobaini tangu nimrudishe, mtoto akatoka. Nilizisikia habari hizo sokoni, nikajifanya sijazisikia. Nikamzulia mtoto mwingine kwenye kisa, maana mlikuwa mnanitunza."

Turubai lilipigwa na upepo, na hiyo ndiyo sauti pekee iliyosikika. Mwanamke mmoja mtu mzima, shangazi wa mtu upande wa bwana harusi, alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa khanga na mabega yanamtikisika. Sikuambiwa alilia nini. Kila mmoja pale alikuwa na lake.

Mama yake Twaha akainuka. "Tumekuita ufunde, Mwajabu. Hatukukuita ubomoe. Mwanangu kaingiaje kwenye mambo ya dereva wa watu?"

"Mtazameni mwali mkono wa kushoto," Mwajabu alisema, "ndo mtajua kaingiaje."

Hapo Nusaiba alifanya jambo ambalo mwali hafanyi. Aliifunua khanga kichwani, akasimama. Uso ulikuwa umelowa, singo imemwachia michirizi mashavuni. Mama yake alimrukia kumfunika tena, naye akauzuia mkono wa mama, bila nguvu, kama anavyozuia mlango wa jokofu usijifunge.

"Mama, uliona. Siku ile unanisuka uliona, ukaushusha mkono wa gauni."

Mama hakusema hapana. Alisema, "Wadogo zako, Nusaiba."

Nusaiba akamgeukia kungwi. "Na mie unaniambia nini, Somo?"

Kungwi ana maneno elfu ya mahali kama hapo. Ana subira yavuta heri, ana mwombe Mungu, ana kaa ufikiri, ana nenda ukaone. Yote yalimjia kwa pamoja, yamejipanga ulimini, na kila moja lingemwachia mlango wa kutokea.

"Usiende," alisema.

Mambo yakaharibika hapo hapo. Wale wa zambarau waliinuka kwa pamoja, sinia la vitafunwa likapigwa teke, mama yake Twaha akatoka akisema hata mbwa wa Chang'ombe hatamwita Mwajabu kumfundia mtoto. Mama yake Nusaiba aliketi kwenye mkeka uliobaki mtupu na kuanza kuomboleza kwa kutaja majina ya mabinti wanne, mmoja mmoja, kama waliokufa. Hakuna aliyempiga kungwi, lakini hakuna aliyempa njia pia. Ilimbidi aombe samahani kila hatua.

Karibu na geti alimkuta Rukaiya anavaa viatu. Nusaiba alikuwa nyuma yake na begi lake la vifaa, bado na hina miguuni, anamsubiri. Mwajabu alisimama. Alitaka kusema nisamehe, na ukweli ni kwamba alitaka pia kusikia ahsante. Amelipa leo. Mbele za watu amelipa, na mtu akilipa hutegemea kuambiwa tumemalizana.

Rukaiya alimaliza kufunga kamba ya kiatu kwa mkono mmoja, kazi aliyoizoea, kisha akanyooka.

"Ulichukua muda gani kulisema lile neno, usiende, Somo?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Sekunde moja? Nami siku ile nilikaa kwako nikilingoja mpaka uji ukaisha."